Mtakatifu Fransisko wa Sales, Mtu wa Hasira Aliyejifunza Upole

Wako watu wengi wanaojitayarisha kupokea Ubatizo, nao waona haya kwa ajili ya kilema kimoja: hasira. Wamekwisha kuacha hirizi, wamejifunza sala, wanafika mafundishoni bila kukosa. Lakini mbuzi wa jirani wakiingia shambani, au mtoto akivunja mtungi, moyo wao huwaka mara moja kama majani makavu wakati wa kiangazi. Maneno makali hutoka, na pengine mkono nao huinuka. Jioni hujuta. Kisha hujiambia kwamba wamezaliwa hivyo, kama baba zao walivyozaliwa, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mkristu wa kweli. Wengine hukata tamaa na kuacha njia kwa sababu hiyo.

Watu hao wana rafiki mbinguni. Naye ni Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu na Mwalimu wa Eklezia. Leo wakristu wa nchi zote humwita Mtakatifu wa upole. Lakini hakuzaliwa mpole. Alizaliwa na damu ya moto, naye alipigana na hasira yake muda wa miaka zaidi ya ishirini.

Utoto wake

Fransisko alizaliwa tarehe 21 Agosti 1567, katika nyumba kubwa ya Sales, karibu na kijiji cha Thorens. Nchi hiyo yaitwa Savoie. Ni nchi ya milima mirefu yenye theluji, baina ya Ufaransa, Uswisi na Italia. Siku hizo ilikuwa na mtawala wake. Leo upande huo ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mtu mkubwa mwenye mashamba na watumishi, mwenye amri kali. Mama yake alikuwa kijana bado, mcha Mungu, mwenye huruma kwa maskini. Fransisko ndiye mwana wao wa kwanza.

Siku zile wakristu wa Ulaya walikuwa wamegawanyika. Wengine walishika imani ya Kikatoliki, wengine walifuata mafundisho ya Calvin, ambayo yalikuwa na nguvu katika mji wa Geneva, si mbali na Sales. Watu walichukiana kwa ajili ya dini, wakachomeana makanisa na kuuana vitani. Chuki hiyo iliingia hata katika mioyo ya watoto. Yasimuliwa ya kuwa siku moja mfuasi wa Calvin alifika nyumbani kwao kumzuru baba yake. Fransisko mdogo alipokatazwa kuingia kwa mgeni, alishika fimbo, akakimbilia uani, akaanza kuwafukuza kuku kwa kelele, kana kwamba kuku ndio adui wa Mungu. Watu wa nyumbani walicheka. Lakini kisa hicho chaonyesha alivyokuwa: hasira ilikuwa tayari moyoni mwake, ikitafuta tu pa kutokea. Tena aliiona kuwa ni hasira kwa ajili ya Mungu, na hasira ya namna hiyo ndiyo ngumu kupita zote kuitambua.

Shuleni na katika majaribu

Baba yake alitaka awe mwanasheria mkubwa. Kwa hiyo alimpeleka kusoma kwanza katika miji ya karibu, La Roche na Annecy, halafu Paris, katika shule ya Mapadri Wayezuiti. Huko Fransisko alijifunza mengi, akasali sana. Lakini mwaka 1586, alipokuwa na miaka 19, jaribu kubwa lilimpata. Alianza kufikiri kwamba labda Mungu amekwisha kumhesabu miongoni mwa watakaopotea. Kwa muda wa majuma kadhaa hakuweza kula vizuri wala kulala, mwili wake ukadhoofika. Siku moja aliingia kanisani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akajitoa kabisa kwa Mungu. Aliazimia kumpenda Mungu hapa duniani kadiri awezavyo, hata kama asingeweza kumpenda mbinguni. Mara hofu ikamwondoka.

Jambo hilo lilikuwa kama msingi wa maisha yake yote. Alikuwa amefahamu ya kuwa Mungu si bwana mkali anayevizia makosa, bali ni Baba. Na mtu aliyeonja huruma ya Baba hawezi tena kuwakamia ndugu zake bila kuona haya.

Mwaka 1588 alikwenda Padua, katika nchi ya Italia, kusoma sheria na mambo ya Mungu. Alipohitimu, baba yake alikuwa amekwisha kumtafutia kazi ya heshima na mchumba wa ukoo mkubwa. Fransisko alikataa vyote viwili kwa adabu, maana alitaka kuwa padri. Hakumfokea baba yake, wala hakutoroka nyumbani. Alisubiri, akasali, hata baba akakubali kwa uchungu. Tarehe 18 Desemba 1593 akapewa daraja takatifu ya upadri.

Misioni ya Chablais

Mwaka uliofuata Askofu wake alitafuta padri wa kwenda katika nchi ya Chablais, kando ya ziwa kubwa la Geneva. Watu wa huko walikuwa wameiacha imani ya Kikatoliki tangu miaka mingi, na mapadri walikuwa wamefukuzwa. Fransisko alijitoa, akaondoka mwezi wa Septemba 1594 pamoja na binamu yake, Padri Louis. Baba yake alikasirika, akaona kwamba mwanawe aenda kufa bure.

Katika mji wa Thonon Wakatoliki walikuwa wachache mno. Usiku ulipoingia ilimpasa Fransisko kurudi kulala katika ngome ya askari huko Allinges, juu ya kilima, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu. Asubuhi alishuka tena. Wakati wa baridi njia ilijaa theluji na barafu, miguu yake ikapasuka ikatoka damu. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja mbwa mwitu walimfuata, akapanda juu ya mti, akajifunga kwa mshipi wake asije akaanguka kwa usingizi, akangojea kuche. Watu walimfungia milango. Walimtukana njiani. Wengine walishika silaha wakamvizia porini ili wamwue, lakini Mungu alimwokoa.

Hapo mtu mwenye damu ya moto angeweza kupata sababu elfu za kukasirika. Askari wa ngome walikuwa tayari kumlipia kisasi. Fransisko hakutaka. Aliwasamehe waliotaka kumwua. Yule mtoto aliyewafukuza kuku kwa fimbo alikuwa sasa amekamata silaha nyingine: uvumilivu na karatasi. Maana watu walipokataa kusikiliza mahubiri yake, alianza kuandika mafundisho ya dini kwenye karatasi ndogo. Karatasi hizo zilipigwa chapa, naye akazipitisha chini ya milango ya nyumba na kuzibandika ukutani. Mtu alisoma peke yake, usiku, bila kuonekana na jirani. Katika maandiko hayo alishindana na mafundisho aliyoyaona kuwa si ya kweli, lakini aliwaheshimu watu wenyewe. Kwa sababu ya kazi hiyo, mwaka 1923 Baba Mtakatifu Pio wa 11 alimweka awe msimamizi wa waandishi wa magazeti.

Mwaka wa kwanza matunda yalikuwa haba. Fransisko aliendelea. Polepole watu wakaanza kumjia kwa siri, kisha waziwazi. Noeli ya mwaka 1596 aliweza kusoma Misa katika kanisa la Thonon, na mwaka 1598 sehemu kubwa ya nchi ikarudi katika Eklezia Katoliki. Ni kweli kwamba mtawala wa nchi naye alitumia nguvu ya amri zake. Lakini amri huinamisha kichwa tu. Waliogeuka kwa moyo waligeuka kwa kuwa walimwona mtu aliyetukanwa asitukane.

Askofu aliyefanya agano na ulimi wake

Tarehe 8 Desemba 1602 Fransisko aliwekwa kuwa Askofu wa Geneva. Lakini hakuweza kukaa Geneva, maana mji huo haukuwapokea Wakatoliki. Alikaa Annecy. Alitembelea parokia zake milimani, akaungamisha watu saa nyingi, akawafundisha watoto katekisimu yeye mwenyewe. Alimkuta kijana kiziwi na bubu, jina lake Martin, ambaye watu waliona kwamba hawezi kufundishwa neno lolote. Askofu akamchukua nyumbani kwake. Kwa ishara za mikono, kidogo kidogo, akamfundisha habari za Mungu na Sakramenti, hata Martin akaweza kuungama na kupokea Ekaristi. Kila mwalimu ajua kwamba kazi ya namna hiyo haiwezekani kwa mtu mwenye haraka na hasira.

Je, hasira ilikuwa imekufa ndani yake? Hapana. Jamaa zake walishuhudia kwamba mara nyingine uso wake ulibadilika, damu ikapanda, na kila mtu akaona vita inayopiganwa ndani. Siku moja mtu mkubwa alifika kwake kumwombea mtu fulani cheo katika kanisa. Askofu alikataa, kwa sababu mtu huyo hakustahili. Mgeni akawaka. Akamtukana Askofu mbele ya watu, akapaza sauti nyumba nzima ikasikia. Fransisko alikaa kimya, hakujibu hata neno moja. Mgeni alipochoka akaenda zake.

Waliokuwapo wakashangaa, wakamwuliza jinsi alivyoweza kuvumilia. Ndipo alipowaeleza siri yake. Alikuwa amefanya agano na ulimi wake: moyo ukiwa umechafuka, ulimi usiseme. Tena aliogopa hasara. Alikuwa amekusanya upole kwa miaka zaidi ya ishirini, tone kwa tone, kama mtu akingaye maji katika chombo. Hakutaka kuumwaga wote kwa robo saa.

Angalieni vema jambo hilo. Hakusema kwamba hakuona hasira. Aliiona, tena ilichemka ndani yake kama maji ya chungu juu ya moto. Lakini hakuifungulia mlango wa kinywa. Kuonja hasira moyoni si dhambi kwa mtu asiyeikubali. Dhambi huanza pale mtu anapoipokea, akaikalisha kitini, akaitii.

Mjane aliyeshindwa kusamehe

Mwaka 1604, wakati wa Kwaresima, Fransisko alihubiri katika mji wa Dijon, katika Ufaransa. Mbele yake aliketi mjane mmoja kijana mwenye watoto wanne, Yoana Fransiska wa Chantal. Mwaka 1601 mume wake alikwenda kuwinda na rafiki yake, na huyo rafiki akampiga risasi kwa bahati mbaya. Mume alikufa baada ya siku chache, akiisha kumsamehe kabisa yule aliyemjeruhi. Lakini Yoana hakuweza. Alikuwa mkristu mwema, alisali, aliwasaidia maskini, lakini aliposikia tu jina la mtu yule, moyo wake ulisimama.

Fransisko akawa kiongozi wa roho yake. Hakumkaripia, wala hakumwambia kwamba machozi yake ni dhambi. Alimfundisha hatua kwa hatua. Hakumlazimisha kwenda kumtafuta mtu huyo. Lakini akija mwenyewe, ampokee kwa moyo mpole na wenye huruma. Fransisko alijua kwamba moyo wa mjane ungetikisika na damu yake ingechemka; hilo halikumzuia kumshauri. Alimkumbusha Bwana wetu Yezu Kristu, ambaye naye alihuzunika mbele ya kaburi la Lazaro, akainua macho mbinguni.

Yoana akatii. Siku ikafika akakutana na mtu yule, akampokea, ingawa ilimgharimu sana. Baadaye alikubali hata kuwa mama wa ubatizo wa mtoto wa mtu huyo. Yule aliyeshindwa kusikia jina la mtu alimshika mtoto wake mbele ya maji ya Ubatizo! Tarehe 6 Juni 1610, huko Annecy, Fransisko na Yoana wakaanzisha shirika la watawa linaloitwa la Maamkio ya Bikira Maria. Yoana naye leo ni Mtakatifu.

Mafundisho yake juu ya hasira

Mwaka 1609 ilipigwa chapa kitabu chake cha kuwaongoza watu katika maisha ya ibada. Hakukiandika kwa ajili ya watawa tu, bali kwa wenye ndoa, wafanya kazi na watu wa nyumbani. Humo aliandika juu ya hasira mambo aliyoyajua kwa kujaribu mwenyewe.

La kwanza, afadhali kutoipokea hasira kabisa kuliko kuipokea na kutaka kuipunguza. Ni kama nyoka: akiisha kupitisha kichwa mlangoni, mwili wote utafuata.

La pili, mtu akiiona inakuja, asitegemee nguvu zake mwenyewe. Amwite Mungu upesi, kama Mitume walivyomwita Yezu chomboni wakati wa dhoruba, naye atauamuru moyo utulie.

La tatu, mtu akiisha kuanguka, akamkasirikia ndugu yake, atengeneze mara moja kwa tendo la upole kwa ndugu yule yule. Kidonda kibichi hupona upesi kuliko kidonda kilichokaa.

La nne, ajiwekee akiba ya upole wakati wa amani. Aseme na kutenda kwa upole katika mambo madogo ya kila siku, nyumbani kwake kwanza, na si kwa wageni tu. Mwenye ghala tupu atapika nini siku ya njaa?

La tano, tena ni kubwa, mtu awe mpole kwa nafsi yake pia. Wako watu ambao wakiisha kukasirika hujikasirikia kwa kuwa wamekasirika, nao hivyo huongeza kuni motoni. Fransisko alifundisha kwamba mtu ajutie kosa lake kwa kweli, kwa unyenyekevu, bila ghadhabu, kisha ainuke na kuendelea na safari.

Kufa kwake

Mwisho wa mwaka 1622 Fransisko alikuwa Lyon. Mwili ulikuwa umechoka. Ingawa wakubwa walitaka kumpokea katika nyumba zao, alichagua kukaa katika chumba cha mtunza bustani wa watawa. Tarehe 28 Desemba alimrudishia Mungu roho yake, naye alikuwa na miaka 55. Waganga walipofungua mwili wake waliona vijiwe vingi katika mfuko wa nyongo. Watu wa wakati ule walisema kwamba hiyo ndiyo hasira yake, aliyoizuia miaka mingi hata ikageuka mawe. Waganga wa leo wajua kwamba vijiwe vya nyongo vina sababu nyingine za mwili. Lakini maneno hayo yaonyesha jinsi watu walivyomkumbuka: hawakumfikiri kuwa mtu asiye na nyongo, bali mtu aliyeishinda nyongo yake.

Mwaka 1665 Baba Mtakatifu Aleksanda wa 7 alimtangaza kuwa Mtakatifu, na mwaka 1877 Pio wa 9 alimwita Mwalimu wa Eklezia. Sikukuu yake ni tarehe 24 Januari. Don Bosco alipoanzisha shirika lake la kulea vijana, aliliweka chini ya jina la Fransisko wa Sales, maana alitaka vijana waongozwe kwa upole wala si kwa fimbo. Ndiyo sababu mapadri hao huitwa Wasalesiani. Mwaka 1911 walifika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Hivyo jina la mtu yule wa milima ya Savoie limefika hata Kongo.

Faida kwa wakatekumeni

Ubatizo huondoa dhambi ya asili na dhambi zote alizotenda mtu. Huingiza neema katika roho na kumfanya mtu mwana wa Mungu. Lakini haumbadilishi mtu tabia ya damu yake siku ile ile. Aliyekuwa mwepesi wa hasira kabla ya Ubatizo ataiona tena hasira ikibisha mlangoni. Asishangae, wala asidhani kwamba Sakramenti haikumfaa. Neema ni kama mbegu njema. Mungu huipanda na kuikuza, na mwenye shamba hupalilia.

Basi mkatekumeni mwenye hasira asiseme kwamba hawezi kwa kuwa amezaliwa hivyo. Fransisko naye alizaliwa hivyo. Leo jirani akimkosa, afunge kinywa kwanza, aseme na Mungu moyoni, ndipo aseme na jirani. Akiwa amemtukana mkewe asubuhi, asingoje Jumapili. Amrudie kabla ya jua kuchwa na neno la amani, au amchukulie mzigo wa kuni. Kesho akianguka tena, atubu, aanze tena. Kibaba hujazwa haba na haba, na upole wa Fransisko ulijazwa hivyo hivyo, tone kwa tone, miaka zaidi ya ishirini.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, utuombee.